Tusidanganyane: Mtihani Mgumu Haukutufundisha Kusoma

Kila Januari baraza letu la kahawa hapa Gerezani, Kariakoo, hugeuka kamati ya mitihani. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, habari za Simba na Yanga huwekwa kando kwa siku mbili tatu. Simu zinapita mkono kwa mkono, namba za watahiniwa zinatafutwa, na hukumu zinatolewa kabla kahawa haijapoa. Huyu kapata divisheni wani, hongera zake. Yule kapata foo, amshukuru Mungu. Wa nyumba ya tatu kalamba ziro. Kisha, baada ya ukimya mfupi wa kumsitiri huyo wa nyumba ya tatu, mzee mmoja ataweka kikombe chini na kusema maneno ambayo nimeyasikia tangu nikiwa navaa kaptula: "Sisi tulisoma, bwana. Mtihani wetu ulikuwa mtihani. Ndiyo maana tulijua kusoma."

Nasi wote tutaitikia. Hata mimi nimewahi kuitikia, kwa sababu mzee mwenyewe ni mstaafu wa reli, umri wake ni wa baba yangu, na si adabu kumbishia mtu mzima juu ya kahawa aliyoilipia yeye. Lakini maneno hayo siku hizi hayakai tena barazani. Nayasikia kwa walimu, nayasikia redioni asubuhi, nayasikia kwa wenzangu niliokaa nao dawati moja, ambao najua vizuri sana walivyosoma. Yamekuwa kanuni: mtihani ukiwa mgumu mtoto atasoma, ukilegezwa ataacha, aliyefaulu alikesha, aliyefeli alilala. Mimi nasema kanuni hiyo ni ya uongo, na nasema hivyo nikiwa miongoni mwa waliokesha.

Tuanze na huo ugumu wenyewe. Wakubwa zetu waliomaliza darasa la saba miaka ya 1970 na 1980 hawakuwa wakisema "nimefaulu". Walisema "nimechaguliwa". Lugha yao ya wakati ule ilikuwa ya kweli kuliko kumbukumbu zao za leo. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1977, madarasa ya chini yalifurika, huku sekondari za serikali zikibaki za kuhesabika. Katika kila watoto mia waliomaliza la saba miaka ya 1980, waliopata nafasi kwenye sekondari hizo hawakufika kumi. Hao wengine tisini na ushei mtaa uliwaita waliofeli. Wengi wao hawakushindwa na maswali, walikosa dawati. Ukiwa na viti kumi na watoto mia, lazima uutafute ugumu utakaowaacha tisini nje, na ukiupata utauita kiwango. Ugumu ule ulitokana na upungufu wa maseremala na waashi, mtunga mtihani alikuwa bawabu tu.

Nenda leo kwa mafundi bati wa Gerezani, kwenye yadi za DASICO na vichochoro vyake, utawakuta baadhi ya hao ambao hawakuchaguliwa, sasa ni wazee, nyundo mkononi. Shule zikikaribia kufunguliwa kazi yao kubwa ni matranka. Mtu aliyenyimwa kiti ndiye anayemtengenezea tranka aliyekipata. Anapima kona kwa jicho, anakunja bati, anagonga ribiti, na mfuniko unakaa sawasawa kama umezaliwa na sanduku lake. Nimesimama pale mara nyingi nikijiuliza ni mtihani gani uliomwambia mtu huyu hana kichwa cha jiometri.

Baadaye ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, na kuanzia 2006 shule za kata zikaota kila mahali. Viti vikaongezeka, watoto wakaingia kwa makundi, na barazani ikasemwa kwamba mitihani imerahisishwa. Kilichopanuliwa ni mlango. Mtu aliyepita mlango mwembamba huwa hapendi kuambiwa kwamba wembamba ule ulikuwa wa fremu.

Sasa nije kwangu.

Mimi ni wa mwaka 1998. Wa rika langu wanajua mwaka huo maana yake nini: mitihani ya kidato cha nne ilivuja, ikafutwa, tukairudia. Nani alivujisha na alivujishaje si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mkasa ule, bila mtu kukusudia, ulitufanyia jaribio ambalo hakuna mtafiti angepewa kibali cha kulifanya. Vijana wale wale, masomo yale yale. Wakapimwa, wakaachwa kidogo, wakapimwa tena.

Kwa mtihani wa kwanza nilipiga msuli hasa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita na wapangaji watano, taa ya ukumbini ilizimwa saa nne usiku kwa amri ya mwenye nyumba, kwa hiyo nilisomea nje, chini ya taa ya barabarani upande wa Msimbazi, siku inapowaka. Miguu niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi ili usingizi usinipate. Ndoo ile ilikuwa dawa iliyorithishwa. Kila kaka aliyefaulu alimwachia mdogo wake siri ya ndoo. Daftari la historia nililisoma mara saba kwa wiki moja, najua kwa sababu kila mara niliweka kijiti ukingoni kwa penseli. Kufikia mara ya saba kila kitu kilikuwa kinateleza. Naona sentensi, naijua. Naona inayofuata, naijua. Hisia hiyo ya "naijua" ni tamu kuliko kashata, na haina uzito wowote mizanini, maana kuitambua sura ya mtu si sawa na kuweza kumtaja jina asipokuwepo.

Nikaingia, nikaandika, nikaomba karatasi za nyongeza. Ikafutwa. Nilipolifungua tena daftari lile kujiandaa na marudio, nikakuta mgeni. Mkutano wa Berlin nilibaki na mwaka na jina la Bismarck, mengine yote yalikuwa yamekwenda na maji ya ndoo. Vijiti saba viko palepale ukingoni, historia haipo. Lakini biolojia ilikuwepo, karibu yote, na biolojia sikuwahi kuikeshea hata usiku mmoja.

Nilichelewa kuelewa kwa nini. Nilikuwa na binamu yangu wa kidato cha pili aliyelala chumba kimoja nami, mvivu wa kuandika, fundi wa kuuliza. Kila magharibi mama mdogo alinilazimisha nimfundishe kabla sijatoka na ndoo yangu. Kitabu cha biolojia nilikuwa nimemwazima mtu, kwa hiyo nilimweleza kwa kichwa. Osmosisi nilimwonyesha kwa maembe mabichi ya bibi yaliyotiwa chumvi ya achari: usiku bakuli kavu, asubuhi maji yametoka wapi? Nilikwama. Akanicheka. Kesho yake nikaenda kulitafuta jibu kwa wenzangu, nikarudi nikaanza upya. Kazi hiyo niliihesabu kuwa kodi ninayolipa kwa kulala bure kwa mama mdogo. Kumbe ndiyo saa pekee ya siku niliyokuwa nasoma. Huko nje barabarani nilikuwa namsindikiza mwandishi wa daftari.

Kwa hiyo mtu akiniambia ugumu wa mtihani ndio ulionifundisha kusoma, namjibu kwamba ugumu wa mtihani ulinifundisha ndoo. Hofu ilinipa kile ambacho hofu humpa kila mtu: kukesha, kurudia kilicho mbele ya macho, kuhesabu masaa badala ya kuhesabu nilichokumbuka.

Miaka minane baada ya ndoo yangu, mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jambo ambalo binamu yangu angewauzia kwa bei ya kashata mbili. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi fupi, moja kuhusu jua, nyingine kuhusu fisi-maji wa baharini. Walipoisoma makala mara moja, wengine walirudia kuisoma. Wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojiuliza walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Dakika tano zile ndizo zinazotudanganya sote. Ndizo utamu wa "naijua".

Hapa najua nitarukiwa. "Umejifunga mwenyewe! Kama kuulizwa ndiko kunakofundisha, mtihani ni nini kama si kuulizwa?" Ni hoja nzuri, na wanaoitoa huwa na uso wa mtu aliyekula kete zote za bao kwa mkono mmoja. Basi tuangalie ni kuulizwa kwa namna gani. Wanafunzi wale waliulizwa mapema, wakiwa bado wanajifunza, na kukosea kwao hakukuwagharimu chochote. Mtihani wetu unakuja mara moja, mwishoni, kosa lake unalibeba mpaka siku ya kuposa, na karatasi uliyoiandika huioni tena maisha yako yote. Nimetimiza zaidi ya miaka ishirini na mitano tangu nifanye ule wa marudio, na mpaka leo sijui ni swali gani la hisabati lililonikosesha. Nilipewa herufi, sikupewa kosa langu. Mwalimu ambaye angesahihisha daftari la mtoto, akaandika herufi moja juu ya jalada na kulichoma moto, tungemwita nani? Chombo hicho kinaweza kuchuja, sikatai. Kufundisha hakiwezi.

Sisi watu wa pwani wala hatukuhitaji kusubiri habari za fisi-maji. Kila mtoto wa Kariakoo aliyepita chuo cha Kurani anaujua utaratibu: unaisoma aya, unarudi kwa maalim, unaitoa kichwani, ukikosea unasahihishwa papo hapo, na huvuki kwenda mbele mpaka ya nyuma ikae. Wiki ijayo unaulizwa tena ile ya wiki iliyopita. Bakora ilikuwepo, sifichi, na bakora haikuongeza hata herufi moja. Kilichofanya kazi ni kusikilizwa. Wazee wangu wa barazani wengi wao ni wanafunzi wa chuo. Sura walizozisoma wakiwa na miaka tisa wanazo hadi leo, ndipo wanaponishangaza wanapousifia mtihani mmoja wa siku moja kwa kazi iliyofanywa na maalim kwa miaka mitano.

Niseme pia kwamba sijiungi na mabwana wanaotukana kukariri katika kila warsha. Kukariri si dhambi. Atakayekuja kukutibu, heri awe amekariri vipimo vya dawa. Utaniambia kwamba chuoni nako tulikariri lugha tusiyoielewa. Kweli, na hakuna aliyedai kwamba tunaielewa. Tafsiri ilikuwa darasa la baadaye, na kila mtu alijua. Sekondari ndiyo iliyodai tunaelewa.

Maana ugumu mwingine tunaousifia, ukiufunua, ni Kiingereza tu. Mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, anamaliza la saba na kuingia sekondari Januari kukuta sayansi, hesabu, historia na jiografia zote zimehamia lugha nyingine kwa usiku mmoja. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ililisema hili katika ripoti yake ya mwaka 1982, ikapendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Tangu hapo tumekuwa tukipima vitu viwili kwa kipimo kimoja, halafu tunamsomea mtoto jumla. Mimi mtoto wa Kariakoo, neno "account" nililijua la benki tu. Nilipokuta swali la jiografia linaniamuru kwa neno hilo, nilikaa dakika kadhaa nikitafuta fedha zimeingiaje kwenye habari za mvua za msimu. Mvua zenyewe nilizijua. Nilikuwa naishi bondeni karibu na Jangwani, mvua za masika zilituingilia chumbani bila hodi. Sikujua kwamba naulizwa sababu zake. Kuna atakayesema ningesoma zaidi. Nilisoma, na miguu iko ndooni.

Hisabati nayo, matokeo ya mwaka 2021 na 2022 yanaonyesha takriban watahiniwa wanne kati ya watano wa kidato cha nne walifeli. Wanne kati ya watano! Fundi akitengeneza matranka matano na manne yakawa hayafungi, hapa Gerezani hatusemi bati ni vivu.

Na kuna mwaka 2012, ambao ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu pale kanuni ya "aliyefeli alilala" ilisemwa na nchi nzima kwa sauti moja. Matokeo yalitangazwa Februari 2013. Waliopata divisheni wani mpaka foo walikuwa 126,847. Waliopata ziro walikuwa 240,903. Nchi ilishtuka kwa siku chache, halafu ikapata cha kuchekea: ikaelezwa kwamba kuna waliojaza karatasi za majibu kwa mashairi ya bongo fleva, michoro na matusi. Barazani tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Si unaona? Ndiyo hao! Badala ya kusoma wanasikiliza miziki.

Nimelifikiria sana tukio hilo tangu hapo, na kicheko changu kimenikaa vibaya. Mchukue kijana wa miaka kumi na saba, mfungie chumbani kwa saa tatu na karatasi ambayo haelewi hata inauliza nini, kwenye shule ambayo pengine haikupata kuwa na mwalimu wa fizikia wala chumba cha maabara. Haruhusiwi kutoka mapema. Haruhusiwi kusema. Mbele yake kuna kalamu na karatasi tupu. Anaandika kitu pekee anachokijua kwa moyo, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kukosea. Kwa hesabu yangu huyo alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko mimi na Bismarck wangu. Nani alimfundisha wimbo ule mpaka ukakaa? Aliusikia, akauimba, akakosea, akasahihishwa na wenzake, akauimba tena.

Kisha ikaja Mei. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ameunda tume ichunguze, na serikali ikaliambia Bunge kwamba matokeo yale yanafutwa na alama zitapangwa upya, kwa kuwa safari ile ulitumika utaratibu mpya wa kupanga madaraja. Yakapangwa upya. Kiwango cha ufaulu kikatoka asilimia 34.5 na kufika 43.08. Hebu tulia hapo kidogo. Karatasi zile zile, wino ule ule, majibu yale yale. Hakuna mtoto aliyekesha usiku hata mmoja kati ya Februari na Mei kwa ajili ya mtihani huo, maana ulikwisha kupita. Lakini maelfu ya vilaza wa Februari wakaamka Mei wamefaulu. Wengine walishafukuzwa nyumbani. Wengine walishatafutiwa kazi ya ndani. Baraza lililowahukumu kwa uvivu wa Februari halikukaa tena Mei kuwaomba radhi, na nilikuwepo. Baada ya hapo ikatangazwa divisheni five, ikazomewa mpaka ikapotea, ikaja GPA, mwaka 2016 tukarudishwa kwenye divisheni. Kama ugumu wa mtihani ungekuwa kipimo cha bidii ya mtoto, usingeweza kubadilishwa mezani na watu ambao hawakumwona mtoto.

Hofu hiyo imezaa soko, na soko la Kariakoo halikatai kitu. Pita msimu wa mitihani uone mapepa ya zamani yametandazwa chini kando ya chaja za simu na soksi. Kusolvu mapepa ni jambo jema. Ni kule kujiuliza ninakokusifu. Lakini muulize muuzaji lipi linatoka zaidi. Atakuonyesha lililobandikwa majibu. Mtoto hununua maswali na majibu yake, anayasoma yote mawili usiku, na anaamka na utamu wa "naijua". Tuisheni nazo ni hivyo hivyo: watoto mia na zaidi kwenye banda moja, mwalimu anasolvu ubaoni kwa kasi ya muuza mnada, wao wananakili. Anayefanya mazoezi pale ni mwalimu. Hapa kwetu neno risiti lina maana mbili. Kuna ile ya mashine ambayo wafanyabiashara na mamlaka ya kodi hawaishi kuigombania, na kuna kurisiti, kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nawajua vijana waliorisiti mara tatu kwa njia ile ile ya kwanza, daftari lile lile, usiku ule ule. Kila walipofeli waliambiwa waongeze masaa. Hakuna aliyewaambia wafunike daftari.

Ipo hoja moja ya wazee ambayo sina ubishi nayo, na nisingekuwa muungwana kuipita kimya. Namba ya mtahiniwa haina jina la baba. Msahihishaji hajui kama mwenye karatasi ni mtoto wa mkurugenzi au wa mbeba mizigo wa sokoni, na katika nchi ya kujuana hilo si jambo dogo. Namba ile ndiyo iliyonivusha na mimi. Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea aliilaumu shule inayoishi kwa ajili ya mtihani, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi za kila siku za mwanafunzi zihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho; lakini alama za kila siku zikigeuka sadaka ya mwalimu kwa mtoto wa rafiki yake, tutaukimbilia tena mtihani wa mwisho mbio. Kwa hiyo sisemi ufutwe. Nasema tuache kuuvalisha kanzu ya mwalimu. Ni mlinzi wa geti, awe mlinzi mwaminifu, inatosha. Na Baraza la Mitihani lilipotangaza Januari 2023 kwamba halitaji tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, walionung'unika kwamba tumeua ushindani walikuwa wanaulilia mchezo wa watazamaji. Mtoto wa ziro hakuwahi kusoma orodha ile akapata hamu ya kusoma.

Nirudi barazani, maana nimemsema mzee bila yeye kujibu.

Januari moja mjukuu wake alipata foo yenye F ya fizikia, na mzee akaanza wimbo wake. Yeye alifanya mtihani wa Cambridge, kabla Tanzania haijajitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuunda la kwake kwa sheria ya 1973. Karatasi zilikwenda Uingereza! Kijana alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa chini. Nikasema, "Samahani mzee wangu, katika mtihani huo wa Cambridge, ni swali gani unalikumbuka?"

Alifikiri muda mrefu. Alikumbuka kalamu ya kuchovya. Alikumbuka viatu vya msimamizi vilivyokuwa vinalia, na mwenzake aliyetokwa na damu ya pua. Swali hakulipata hata moja.

Kijana ndiye aliyevunja ukimya, nadhani kwa kumwonea huruma babu yake. "Babu, eti behewa likikatika nyuma ya treni linasimama lenyewe. Nani anakanyaga breki?" Mzee akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Akaomba vikombe vya jirani, akavipanga juu ya mkeka kikiwa cha mbele injini, akachukua kamba ya kufungia jagi la kahawa ikawa bomba la upepo. Miaka zaidi ya thelathini ya karakana ya reli ilikuwa bado kichwani, kila valvu mahali pake. "Watu wanadhani upepo unaojaa bombani ndio unaofunga breki," akasema. "Haya, bomba likikatika hapa, upepo wote ukatoka, nini kitatokea? Sema wewe."

Kijana akasema behewa litakimbia. Mzee hakumtukana. Akavirudisha vikombe mwanzo.